Manati ya Familia: Jinsi ya Kuichagua, Kuilea na Kutomvunjia Jirani Kioo

Shemeji yangu wa Awendo ameamua kwamba nyumba yake inahitaji bastola ya kulengea shabaha. Si ya ulinzi, anasema, ni ya michezo. Ameona kwenye simu familia moja ya Marekani, baba, mama na binti wa miaka kama kumi, wamevaa vifuniko vya masikio, wanapokezana bastola moja nyuma ya nyumba na kudondosha makopo, kisha wanapongezana. Jioni hiyo hiyo akanipigia.

“Shemeji, hiki ndicho kimekosekana kwangu. Watoto wanakula na simu, wanalala na simu. Nishauri, ninunue ipi?”

Nilimshauri, na ushauri wenyewe ulikuwa mrefu hadi salio likaisha. Nauandika hapa kwa ajili ya kila baba na kila mama, kuanzia Isebania hadi Kendu Bay, aliyepatwa na hamu kama yake. Hatua ya kwanza katika kuchagua bastola ya familia ni kuachana na bastola. Hatua ya pili ni kutafuta mpera.

Shemeji hakukosea kuipenda bastola, na sitaki kumnyima haki yake. Aina anayoitaka hutumia risasi ndogo yenye kipenyo cha inchi 0.22, ile ambayo kiwashio chake hakikai katikati ya kitako cha ganda bali kimezungushwa ndani ya ukingo wa kitako hicho. Pini ya kufyatulia ikigonga ukingo, risasi inaondoka. Smith & Wesson walianza kuuza risasi ya namna hiyo mwaka wa 1857, na ile ndefu inayotumika mpaka leo ikatokea mwaka wa 1887. Ni nafuu, kishindo chake ni kidogo, haiurushi mkono wa mpigaji, na ndiyo inayotumika Olimpiki katika bastola ya mita 25. Kampuni ya Sturm, Ruger ilianza biashara yake Connecticut mwaka wa 1949 kwa bastola ya risasi hii hii. Basi ukisikia Mmarekani akisema alifundishwa kulenga na babu yake, mara nyingi ni risasi hii anayoizungumzia.

Lakini Awendo si Connecticut. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu kumiliki bunduki wala risasi bila cheti, na cheti hutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha baada ya mwombaji kuchunguzwa. Cheti ni cha mtu, si cha ukoo. Huwezi kukaa chini ya mwembe ukampa mke, mke akampa binti, binti akampa binamu aliyekuja likizo kutoka Rongo. Uwanja halali wa kulengea kama ule wa Kirigiti, Kiambu, uko zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani kwa shemeji, na yeye ana watu tisa wa kuwalipia nauli.

Halafu kuna jambo ambalo video haikuonyesha. Risasi hiyo ndogo ikikosa kopo inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ukikosa ukiwa ufukweni Mbita, kuna mvuvi wa mbuta majini ambaye hajui kwamba wewe unacheza na wanao. Na katika vijiji vya mpakani kule Kuria, mlio wa bunduki kwa miaka mingi umemaanisha kwamba ng'ombe wameondoka. Ukiupiga mchana kwa furaha, mzee wa nyumba kumi atafika kabla hujaokota kopo, na atakuwa na haki ya kutocheka.

Kwa hiyo, manati. Watoto wengi wa Kenya huiita feya. Wapo watakaoona nimewashusha kutoka gorofani hadi uani, na hao nawaomba wasubiri. Ukweli ni kwamba manati ni chombo cha kisasa kuliko risasi ya baruti. Kombeo, lile la kamba alilotumia Daudi, ni la kale mno, lakini manati haikuwezekana mpaka binadamu alipojua kuupika mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke kwenye joto wala kuwa mgumu kwenye baridi. Charles Goodyear alipata hataza ya kazi hiyo mwaka wa 1844. Kabla ya hapo huwezi kumwonyesha mtoto yeyote duniani aliyepiga kopo kwa manati ya mpira wa tyubu.

Mimi niliikuta nyumbani kwetu, karibu na Sindo, kwenye shamba la mtama la dani, yaani nyanya yangu. Mtama ukianza kujaza punje, kweleakwelea huja kwa makundi alfajiri na jioni, na kazi ya watoto ni kuamka kabla yao. Tulikuwa na makopo ya kugonga, kamba za kuvuta, sauti zetu, na manati mbili. Aliyekuwa na shabaha kuliko sisi sote ni dani mwenyewe. Aliketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono, na kopo lililotundikwa mwisho wa shamba likalia. Ndege waliinuka wote kwa pamoja kama shuka inayokung'utwa. Hakumpiga ndege hata mmoja katika miaka yote niliyomwona. Alilipiga kopo, na kopo liliwafukuza ndege. Kila ninachokijua kuhusu manati nilikipata kwake, isipokuwa vipimo vya sentimita, ambavyo nimevipima mwenyewe baadaye.

Tuanze na panda, maana hapo ndipo watu hukosea. Tafuta mpera. Majani ya mpera huota mawili mawili yakielekeana, na matawi hufuata desturi hiyo, kwa hiyo mti wenyewe hukupa panda zilizolingana kushoto na kulia bila kuzitengeneza. Mbao yake ni nzito, nyuzi zake zimeshikana, haipasuki ovyo. Ukikosa mpera, powo itakufaa, ule mti ambao wazee wa Kijaluo hukatia fimbo. Hata mlimau unafaa kama utavumilia miiba. Mkalitusi uache, hupasuka kufuata nyuzi zake. Mpapai na mnyonyo ni vitu vya mtoto wa miaka mitatu kuchezea, vina uwazi ndani. Siala ni mti mzuri sana, lakini umenyooka kwa sababu kazi yake ni kujenga nyumba, uache ujenge.

Usiende kukata panda peke yako. Nenda na watoto, na kila mtoto achague yake, kwa maana panda hupimwa kwa mkono kama kiatu kinavyopimwa kwa mguu. Mikono miwili ya panda iwe na unene sawa, kila mmoja kama kidole gumba cha mtu mzima. Mpini uwe mnene zaidi kidogo, na uzidi upana wa kiganja kwa vidole viwili ili mtoto aushike bila kubana. Kati ya ncha na ncha, sentimita 5 au 6 zinatosha. Panda iliyoachama sana humchosha mtoto kifundo, na iliyobanana hugongwa na jiwe. Zungukeni mti, tazameni juu, bishaneni. Nimeona familia ikikaa saa nzima chini ya mpera mmoja bila mtu kutazama simu, na hapo hata jiwe moja lilikuwa halijarushwa. Kama mpera ni wa jirani, aombwe kwanza, na aombwe na mtoto mwenyewe.

Panda mbichi haitumiki. Ikikauka haraka kwenye jua au karibu na jiko, itapasuka kutoka kwenye ncha. Paka ncha zote tatu nta ya nyuki, au udongo mzito kama nta hakuna, uiache na gome lake, uiweke kivulini penye upepo kwa wiki sita. Najua wiki sita ni ndefu kwa mtoto wa miaka minane. Mwache akaiangalie kila siku akirudi kutoka shule. Gome hubanduliwa baada ya hapo, kisha panda husuguliwa kwa msasa hadi iwe laini kama mwiko wa ugali uliotumika miaka mingi.

Kisha ijaribu kabla ya kuifunga mpira. Igeuze kichwa chini, ncha mbili zikanyage ardhi, uegemee mpini kwa uzito wako wote. Ikilia, itupe motoni bila huruma. Panda inayokatika ikiwa imevutwa hukimbilia usoni mwa aliyeivuta, na ni afadhali ikukatikie wewe ukiwa umeinama kuliko imkatikie mwanao akiwa amefumba jicho moja.

Kwa mpira, nenda kwa fundi wa baiskeli au pikipiki. Usiseme unataka mpira. Sema unataka blada, atakuelewa. Lakini usipokee yoyote utakayopewa. Tyubu nyingi za siku hizi ni za butili, mpira wa kiwandani unaoshika upepo vizuri sana na kurudi polepole sana. Mpira wa asili, unaotokana na utomvu wa mti, hurudi kwa ghafla. Jinsi ya kutofautisha ni rahisi: kata ukanda mwembamba, uvute, uuache. Ukirudi kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usingizini, mwachie bodaboda afungie magunia. Ukirudi ukakuchapa kidole, huo ni wako.

Kata vipande viwili kwa mkasi mkali, na usirudie mkato, kwa sababu kila alama ya meno ya mkasi iliyobaki ukingoni ni mahali ambapo mpira utaanza kuchanika. Upande wa panda uwe na upana wa sentimita 2, kisha upungue taratibu hadi sentimita 1 na kidogo upande wa ngozi inayoshika jiwe. Upunguaji huu si urembo. Mpira ukiachiwa lazima ujisukume wenyewe pamoja na jiwe. Ukiwa mwembamba huko mbele unabeba uzito mdogo na kasi inakwenda kwenye jiwe. Urefu nao una hesabu yake: tyubu hupenda kuvutwa hadi mara 3 ya urefu wake, isizidi. Pima kutoka mkono wa mtoto ulionyooshwa hadi shavuni pake. Ikiwa ni sentimita 51, mpira wake kati ya panda na ngozi uwe sentimita 17. Mtu mzima mwenye sentimita 75 atumie 25. Ndiyo maana manati ya baba haimfai mtoto, na ya mtoto itachanika mikononi mwa baba anayetaka kuonyesha nguvu.

Funga kwa vikanda vyembamba vya blada hiyo hiyo, kamwe usitumie waya. Waya hukata mpira kimyakimya.

Ngozi utaipata kwa fundi viatu: ulimi wa kiatu kikuukuu cha ngozi halisi. Kata sentimita 7 kwa 3, toboa matundu mbali kidogo na ukingo, na uhakikishe pande mbili zinalingana. Ukiikunja katikati na tundu moja likamtazama mwenzake, umefaulu.

Sasa jiwe, na hapa naomba usome polepole. Gololi za chuma kutoka kwenye beringi, ambazo kila gereji inazo, zisikanyage uani kwako. Chuma kikigonga kitu kigumu hurudi, na hakichagui kinakorudi. Bano za kioo hupasuka. Kokoto za ufukweni ni nzuri kwa mtu aliyekomaa, lakini kila moja ina umbo lake, na mtoto hawezi kujifunza kwa kitu kinachobadilika kila mara. Kwa wale wa upande wa Macalder na Masara, usiwaruhusu watoto waokote mawe wala mchanga kwenye mabaki ya machimbo ya dhahabu, kwa kuwa wachimbaji wadogo huko hutumia zebaki, na zebaki haionekani kwenye kidole cha mtoto anayekwenda kula. Na ukienda Thimlich Ohinga, tembea na mikono mfukoni. Kuta zile zilijengwa bila saruji wala udongo, kila jiwe limeshikwa na mwenzake, na tangu mwaka wa 2018 ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Hapo hakuna kokoto ya ziada ya kuchukua.

Tumia udongo. Twaa udongo wa mfinyanzi, ukande kama unga, ufinyange vidonge vya ukubwa wa gololi, uvianike kivulini kwanza na juani baadaye. Kazi hiyo huchukua alasiri nzima, na hakuna asiyeiweza, hata mtoto mdogo kabisa wa nyumba. Kidonge cha udongo kikigonga kopo husambaratika, hakirudi, hakibaki shambani kuvunja jembe, na mvua ikinyesha kinakuwa udongo tena. Dani alikuwa na debe zima la vidonge hivyo chini ya kitanda.

Lakini kisikudanganye. Kidonge cha gramu 5 kikienda mita 40 kwa sekunde kina nguvu ya jouli 4. Risasi ya shemeji ina kama 140, mara 35 ya hiyo, na tofauti hiyo ndiyo sababu ya mwongozo huu wote. Ila jouli 4 zinatosha kabisa kupasua jicho. Kwa hiyo kila anayelenga na kila anayetazama avae miwani ya kazi, ile myeupe ya wanaokata chuma, inayouzwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Miwani haitoshi watu wote? Basi wasio nayo wakae ndani mpaka zamu yao. Hapa sitanii na sitabembeleza.

Uwanja wenu uwe na kitu cha kupokea vidonge. Watu wa Homa Bay mna bahati: hakuna boma la mvuvi lisilo na neti mbovu ya omena. Ikunje mara mbili, itundike ilegee. Neti iliyolegea humeza jiwe, iliyokazwa hulirudisha. Migori bara watumie gunia au blanketi kuukuu. Nyuma yake kuwe na kichuguu, ukingo wa mto au shamba lisilo na njia. Kusiwe na mabati, kioo cha dirisha, sola ya jirani wala vikombe vya kaure vinavyoshika nyaya za umeme. Nyumba moja ninayoijua ililipa kioo cha gari la mgeni aliyekuja kuleta mahari, na mazungumzo ya mahari yalianza upya kutoka mwanzo.

Anzeni mita 5, kopo la Blue Band. Mkishazoea, nendeni mita 10. Huo ndio umbali wa bastola ya upepo kwenye Olimpiki, na duara la alama kumi la wanamichezo wale lina upana wa milimita 11.5, dogo kuliko kucha ya kidole chako gumba. Mwambie hivyo yule kijana anayejisifu kwa kupiga kopo.

Namna ya kulenga haina mafumbo, ina subira tu. Simama ubavu, mkono wa panda umenyooka, gumba na kidole cha shahada vimeegemea shingo za panda. Vuta ngozi hadi mahali pamoja usoni, mfupa wa shavu kwa mfano, na pawe hapo hapo kila mara. Ukibadilisha mahali unapovutia, umebadilisha manati. Usishikilie muda mrefu, kwa kuwa mkono utatetemeka na mpira utachoka. Kisha usiachie kwa kurusha vidole, vilegeze tu. Binti wa shemeji mwenye miaka kumi na mmoja alilielewa hili siku ya kwanza, na kaka yake wa kumi na tano hadi leo anavuta kama anayeng'oa muhogo. Wasichana wasiachiwe kazi ya kuokota vidonge tu. Mwaka wa 2016, bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio ilibebwa na mwanamke mlenga shabaha, Shehzana Anwar wa mchezo wa upinde, na binti yeyote wa Oyugis anayeshika panda anastahili kulijua jina hilo.

Ndege si shabaha. Najua wengi wetu tulianza kwa kumwinda chozi na njiwa, na wazee waliturushia macho tu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuwasahau ndege. Lakini hata sheria isingekuwapo, mngekuwa na sababu yenu wenyewe. Kati ya Aprili na Septemba, kwenye nyasi za Ruma katika Bonde la Lambwe, huja mbayuwayu wa buluu ambaye huzaa kusini, Tanzania na nchi zinazofuata, na ambaye amebaki mchache duniani. Mtoto wa miaka tisa hawezi kumtofautisha na mbayuwayu mwingine akiwa angani. Afadhali ajifunze kumtazama. Maembe nayo si shabaha, isipokuwa mwembe ni wako na umekwisha kuchoka kuyachuma kwa upembo.

Utunzaji ni mfupi kuusema na mgumu kuufanya. Mpira una maadui watatu: jua, joto na mafuta. Usiiache manati juu ya paa, wala kwenye dirisha, wala kwenye dashibodi ya matatu. Usiupake mpira mafuta ya kupikia, Vaseline au mafuta ya taa ukidhani unaulainisha, utauyeyusha. Mikono iliyotoka kukaanga omena ioshwe kwanza. Ukitaka usigandane, upake poda ya mtoto, utie kwenye mfuko wa kitambaa, utundike ndani penye kivuli, mpira umelegea kabisa. Kila kabla ya kucheza, uvute kidogo mbele ya mwanga utazame kingo zake, hasa karibu na ngozi. Ukiona mpasuko mdogo kama unywele, badilisha, na ubadilishe pande zote mbili hata kama mmoja ni mzima, kwa sababu mpira mpya na wa zamani haivuti sawa na jiwe litapinda. Panda ipake nta mara moja kwa msimu. Ukikuta unga mweupe chini yake, bungua ameingia, na hiyo panda imekwisha.

Nimeacha mwisho kanuni ya dani, ambayo naiona kubwa kuliko panda, blada na ngozi kwa pamoja. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuta mpira kabla ya kutaja watu. Dani aliuliza, “Nani yuko wapi?” nawe unayelenga ulipaswa kujibu kwa sauti: mama yuko jikoni, baba yuko ziwani, Atieno anachota maji, mdogo amelala ndani, mzee yuko chini ya mti, nimemwona. Ukimsahau mmoja, unaweka manati chini na kwenda kumtafuta. Unamwona kwa macho yako, unarudi, unaanza kutaja upya. Siku nyingine tulipiga vidonge vitatu tu kwa jioni nzima, muda wote uliobaki tulikuwa tukitafutana. Wakati ule nililiona ni sumbuko la mzee. Sasa nina watoto wangu, nakaa mjini Migori, na kuna jioni ambazo nikiulizwa nani yuko wapi nyumbani mwangu sina jibu, ingawa wote wako chini ya paa moja.

Shemeji alikata panda tano mwezi wa Februari. Alinitumia picha zikiwa zimepangwa kivulini, kila moja imechorwa herufi ya mwenyewe kwa makaa. Likizo ya Aprili ilipofika, nilikwenda Awendo na kifurushi cha blada. Tukafunga, tukatundika gunia nyuma ya nyumba kuelekea miwa, tukaweka kopo. Yule binti akapewa nafasi ya kwanza. Akainua manati, dada yangu akamwuliza nani yuko wapi, naye akaanza kutaja: baba hapa, mama hapa, mjomba hapa, kaka zake watatu, shangazi jikoni, mtoto mgongoni kwa shangazi. Wako tisa, naye akiwemo. Nyanya yake hakumwona. Akaishusha manati. Nyanya alikuwa chooni, nyuma ya gunia kidogo upande wa kushoto, na sote tukasimama kimya tukamngoja atoke.